Mwenye Kula Thamani Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, Qur'ani Tukufu yatuhimiza katika pahala pengi tutembee katika ardhi, tupate kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Lakini aghlabu yetu tumeigeuza amri hii kuwa ruhusa ya matembezi tu. Mtu husafiri, akala, akapigwa picha, akarudi na mizigo mizito, wala asirudi na zingatio hata moja. Nasi hatujitoi katika lawama hii. Katika likizo yetu iliyopita tulisafiri watu wanne wa darasa letu, pamoja na rafiki yetu mmoja mfanyabiashara, mtu wa mkono mkunjufu, aliyetualika na kutulipia nauli na malazi. Tulikaa siku tano katika mji wa Porto, nchi ya Ureno. Twapenda kuwasimulia khabari ya siku hizo, si kwa kujifakhirisha kwa safari, bali kwa sababu tulitoka makwetu tukidhani kuwa tumesalimika na jambo fulani, tukarudi hali tumejua kuwa jambo lenyewe lilikuwa limo matumboni mwetu.

Porto ni mji mkongwe uliojengwa juu ya majabali ya ukingo wa kaskazini wa mto Douro, karibu na pale mto huo unapomwagika katika bahari ya Atlantiki. Ng'ambo ya pili uko mji wa Vila Nova de Gaia, na baina ya miji hii miwili lipo daraja kubwa la chuma lenye njia mbili, ya juu na ya chini, lililofunguliwa mwaka 1886. Nyumba zimepandana mlimani kama ngazi, na kuta nyingi zimevikwa vigae vya nakshi za buluu ambavyo Wareno huviita azulejo, na neno hilo walilipata kwa Waarabu walioitawala nchi ile zamani. Kwa ajili ya ukale wake, mji huo uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1996.

Lakini lililoutangaza mji huu ulimwenguni ni mvinyo. Mizabibu yenyewe haimo mjini, bali imepandwa juu katika milima ya bonde la Douro, mwendo wa kiasi cha kilomita mia. Zamani mapipa yaliteremshwa mtoni kwa mashua za tanga moja ziitwazo rabelo, mpaka katika maghala ya Gaia. Leo mvinyo huja kwa magari, na mashua zile zimefungwa ukingoni ziwe pambo la kutazamwa na wageni. Mvinyo huo hutiwa pombe kali kabla ya maji ya zabibu hayajamaliza kuchacha, basi utamu hubakia na ukali huzidi. Na mwaka 1703 Uingereza na Ureno zilifanya mkataba wa kuutoza mvinyo wa Kireno ushuru mdogo kuliko wa Kifaransa, wakatajirika kwao Waingereza wengi waliokaa Porto, na majina yao yangali yakisomeka hata leo kwa herufi kubwa juu ya mapaa ya maghala.

Wala msidhani kuwa mji huu hautuhusu sisi watu wa pwani. Hapo Porto ndipo alipozaliwa, mwaka 1394, Mwanamfalme Henrique, aliyewasukuma Wareno kuzisafiri pwani za Afrika. Na hapo ndipo zilipotengenezwa merikebu nyingi za kwenda kuuteka mji wa Waislamu wa Ceuta mwaka 1415. Njia iliyoanzwa hivyo ndiyo aliyoiendeleza Vasco da Gama hata akafika Mombasa mwaka 1498. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Wareno waliichoma moto Mombasa, na mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome ambayo ingali imesimama. Ngome ile iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, lakini maneno ya Wareno hayakutoka pamoja nao. Meza ni neno lao, leso ni neno lao, na mvinyo pia ni neno lao. Basi tulipolisoma neno hilo juu ya milango ya Gaia, tulilisoma kama watu walionalo zamani nyumbani kwao.

Katika Gaia kila ghala lina mlango ulio wazi, na kila mlango una mtu wa kuwakaribisha wapitao waingie kuonja. Sisi hatukuingia. Kijana mmoja katika wenzetu alisema aingie kutazama mapipa tu, tukamkataza, na akasikia. Tulipita mbele ya milango ile hali vichwa vyetu viko juu, na nyoyoni tukijiona kuwa sisi ndio watu. Jioni tulikula katika mkahawa mdogo wa mama mmoja wa makamo. Tulipomweleza kuwa hatunywi mvinyo wala hatuli nguruwe, hakukasirika wala hakutucheka. Aliosha kikaango upya mbele ya macho yetu, akatukaangia samaki mkavu wa chumvi wampendao Wareno, naye kwa ladha yuko karibu na ng'onda wetu. Kisha akaondoa bilauri za mvinyo mezani bila ya kuambiwa. Tulimwombea Mungu amwongoze. Tulirudi nyumbani tulikofikia, tukaelekea mashariki, tukasali, tukalala usingizi wa watu waliotosheka na nafsi zao.

Siku ya tatu tuliingia katika jumba la wafanyabiashara liitwalo Palácio da Bolsa. Lilianza kujengwa mwaka 1842 na chama cha wafanyabiashara wa mji, pahala palipokuwa nyumba ya watawa iliyoungua katika vita. Ndani yake mna ukumbi unaoitwa Ukumbi wa Kiarabu, uliojengwa tangu mwaka 1862 hata 1880, kwa kuigiza majumba ya Waislamu wa Andalusia. Kuta zake zote ni nakshi na dhahabu, na katika nakshi zile mna maandishi ya Kiarabu ya kumtukuza Mwenyezi Mungu. Tuliposoma jina la Allah juu ya ukuta, nywele zilitusimama. Tukamuuliza aliyetuongoza ukumbi huo hutumiwa kwa kazi gani. Akatujibu kuwa hufanyiwa karamu, ngoma na mapokezi ya wageni wakubwa. Basi tukafahamu. Jina lile tukufu limewekwa pale kwa uzuri wa khati yake, kama vigae vilivyowekwa kwa uzuri wa rangi yake. Chini ya jina hilo hunywewa mvinyo, na hakuna anayeona haya, kwa kuwa wengi wa wanaonywa hawajui kilichoandikwa.

Tulitoka tukilaumu. Mmoja alisema hivi ndivyo wafanyavyo makafiri, mwengine akasema hili ni tusi. Lakini rafiki yetu aliyetualika hakusema neno. Tulishuka naye mpaka ukingoni mwa mto, mtaa wa Ribeira, tukafika pahala palipo na ukumbusho wa shaba ukutani, na watu huwasha mishumaa mbele yake. Ukumbusho huo ni wa siku ya tarehe 29 Machi mwaka 1809. Siku hiyo jeshi la Wafaransa liliuingia mji, watu wakakimbilia daraja lililokuwa limefanywa kwa mashua zilizofungwa pamoja. Daraja likavunjika. Wa mbele wakawa wanatumbukia mtoni, na wa nyuma, kwa kuwa hawakuona lililopata wenzao, wakazidi kusukuma, na watu wengi mno wakafa maji.

Hapo ndipo rafiki yetu alipofungua kinywa. Akasema: "Ndugu zangu, nina neno limenikaa kooni tangu mlipokuwa mkiulaumu ule ukumbi. Nyumbani kwangu sebuleni nimetundika Ayatul Kursi iliyotiwa dhahabu, na kila mgeni huisifu. Na lile jengo langu la barabarani, ghorofa ya chini nimempangisha mtu wa baa, mwaka wa nne sasa. Kodi yake ni kubwa kuliko ya vyumba vyote vya juu. Nauli zenu, na nyumba hii tuliyofikia, vimetoka katika kodi hiyo."

Ndugu msomaji, hatuna maneno ya kueleza hali iliyotupata. Siku tatu tulikuwa tukipita milangoni mwa maghala tukikataa tone moja, na kila tonge tuliyoila na kila kitanda tulicholalia kimelipiwa kwa pombe. Tulimkataza kijana kutazama mapipa, na sisi wenyewe tulikuwa tumeletwa na pipa. Yule kijana hakusema lolote, naye alikuwa na haki ya kusema.

Rafiki yetu alitoa udhuru wake, nao ni udhuru tunaousikia kila siku. Alisema yeye hanywi, wala hauzi, wala hajui ladha yake. Yeye hupangisha kuta tu. Alisema mpangaji wake si Muislamu. Alisema kila mwenye jengo katika barabara ile hufanya hivyo, na akikataa yeye, jirani yake atakubali. Udhuru huu wapaswa kupimwa kwa dalili, si kwa ukali, kwani wanaoutegemea ni wengi na baadhi yao ni watu wa safu ya mbele.

Ama kauli ya kuwa yeye hanywi, imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kuwa watu kumi wamelaaniwa kwa ajili ya pombe: mwenye kuikamua na mwenye kukamuliwa, mwenye kuinywa, mwenye kuichukua na mwenye kuchukuliwa, mwenye kuwanywesha wengine, mwenye kuiuza, mwenye kula thamani yake, mwenye kuinunua na mwenye kununuliwa. Basi hesabuni. Mnywaji ni mmoja tu katika kumi. Sisi kwetu tumezoea kumnyoshea kidole huyo mmoja, maskini anayeyumba njiani usiku, na hali wenzake tisa twawapa salamu za heshima, na mwenye kula thamani yake twamkaribisha mbele katika harusi na mazishi. Na imepokewa vile vile kuwa mtu mmoja alimletea Mtume zawadi ya kiriba cha mvinyo, naye hajui kuwa umekwisha kuharamishwa. Alipoambiwa kuwa ni haramu, akanong'onezwa akiuze. Mtume akambainishia kuwa Aliyeharamisha kuunywa ndiye aliyeharamisha kuuuza, na yule mtu akaufungua mdomo wa kiriba, ukamwagika wote. Hakutafuta mnunuzi asiye Muislamu.

Ama kupangisha, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida ametuamuru tusaidiane katika wema na uchaji, na ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mwenye kumpa mtu nyumba hali ajua kuwa kazi ya nyumba hiyo ni kuuza pombe tu, je, hakumsaidia? Hatufichi kuwa imepokewa kwa Imam Abu Hanifa, Mungu amrehemu, rai ya kuruhusu kuwapangisha wasiokuwa Waislamu katika vijiji vyao wenyewe. Lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, walikhitilafiana naye, na maimamu wengine watatu wameharamisha. Tena ni ajabu kuwa mtu wa pwani, ambaye maisha yake yote hufuata madhihabi ya Imam Shafi, akifika penye kodi ya baa ndipo anapomkumbuka Imam Abu Hanifa.

Ama kauli ya kuwa kila mtu afanya hivyo, tulimwonyesha ukumbusho uliokuwa mbele yetu. Wale waliosukuma darajani hawakuwa wauaji. Kila mmoja alifanya alilomwona mwenziwe akifanya. Je, maji yaliwaachia kwa ajili hiyo?

Hapo tena tulikumbuka jambo tulilolisikia katika mji huo huo. Zamani wauzaji waovu wa Porto walikuwa wakitia katika mvinyo maji ya matunda ya mti mwengine ili kuongeza rangi. Mwaka 1756 waziri wa mfalme, Pombal, aliunda kampuni ya kuisimamia biashara hiyo, mashamba yakawekewa mipaka kwa nguzo za mawe, na miti ile ya matunda ya rangi ikaamriwa ing'olewe. Walikuwa wakikilinda kitu ambacho kwetu ni haramu, wala hatuwasifu kwacho. Lakini walijua kuwa ubaya hauondoki kwa kukatwa majani. Na sisi twakata majani: twahutubu juu ya walevi, twawafukuza vijana vibarazani, twaandika barua kwa wakubwa wa serikali watufungie mabaa, na mizizi, ambayo ni mikataba ya kodi, imo makabatini mwetu, imetiwa sahihi kwa majina ya Abdalla na Muhammad.

Tazameni walivyofanya wa mwanzo. Anas bin Malik amesimulia kuwa alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, ikasikika sauti ya mpiga mbiu kuwa pombe imeharamishwa. Akaambiwa aimwage, akaimwaga, ikapita katika njia za Madina. Hawakuuliza itakuwaje khasara, wala hawakuomba muda wa kumaliza iliyokwisha nunuliwa. Na Abu Bakr Siddik aliletewa chakula na mtumishi wake, akala, kisha akaambiwa kuwa kimetokana na malipo ya uaguzi wa zamani. Akatia kidole kooni akakitapika chote tumboni. Yeye alikuwa hajui alipokula, wala hapana lawama juu ya asiyejua. Lakini alipojua hakustarehe nacho.

Sisi si Abu Bakr, na nauli haitapikiki. Lakini tulishauriana palepale ukingoni tukakata shauri mbili. La kwanza ni kuwa kila mmoja wetu ahesabu fungu lake la nauli na malazi, alitoe katika mali yake ya halali, awape wenye shida, si kwa kutaraji thawabu za sadaka, bali kwa kujitoa katika kitu kisichokuwa chake. Mmoja wetu ni mwalimu wa madrasa, na ilimchukua miezi minane kulimaliza fungu lake, hakuomba msaada wala hakutaka kusamehewa. Shauri la pili lilikuwa la rafiki yetu mwenyewe. Mkataba wa baa ulikuwa umebakiwa na miezi saba, na mpangaji alikataa kutoka kabla ya muda wake, na kuvunja ahadi ya mtu si mwenendo wetu, ijapokuwa ahadi yenyewe ni mbaya. Basi kila kodi iliyoingia aliiweka mbali, akaigawa kwa mafakiri kimya kimya, hata muda ukaisha. Akakataa kuufanya upya. Leo pale pana duka la madaftari na sare za skuli, na kodi yake haifiki nusu ya ile ya kwanza. Jamaa zake wengine walimcheka, wakamwita mjinga aliyerogwa na wenye vitabu. Mwaka huu hakuweza kusafiri.

Ametukubalia tuiandike khabari hii bila ya kumtaja, na ameomba jambo moja tu, tusimfanye kuwa shujaa, kwani miaka minne aliila akijua. Basi nasi hatumfanyi shujaa. Twamwita ndugu aliyerejea.

Ndugu zetu, tulimlaumu yule aliyeliandika jina la Mwenyezi Mungu juu ya ukuta wa ukumbi wa karamu. Lakini huenda yeye hakujua kusoma alichokiandika. Sisi twajua. Jina hilo tumelitundika madukani mwetu juu ya mizani iliyopunjwa, tumelibandika magarini yachukuayo yasiyofaa, tumelitia dhahabu sebuleni katika nyumba zilizojengwa kwa thamani ya pombe. Kati yetu na wao, ni nani aliyelifanya pambo, na ni nani mwenye udhuru mbele ya Mola wake?

Basi kila mwenye jengo, na alitazame jengo lake usiku wa leo kabla hajalala, na amwulize wakili wake ni nani aliyemo ndani na anauza nini. Kila mwenye hisa katika hoteli, na aulize. Kila dereva wa lori na aujue mzigo wake. Kila kamati ya msikiti na madrasa na iulize fedha ya mfadhili imetoka wapi kabla ya kuliandika jina lake ukutani. Na sisi tunaoalikwa karamuni na safarini, tusione haya kuuliza kwa adabu, kwani haya ya siku moja ni nyepesi kuliko haya ya Siku ya Kiyama. Na atakayeona kuwa limo kwake, asikate tamaa wala asingoje kila mtu aanze. Mlango wa toba u wazi, na mwenye kuacha kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hatokhasirika.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu Yako. Tuonyeshe yaliyofichika katika mali zetu kabla hatujaulizwa nayo. Lifanye jina Lako liwe nyoyoni mwetu na mikononi mwetu, wala usilijaalie kuwa kutani mwetu tu. Na umsamehe ndugu yetu, na utusamehe nasi tuliokula pamoja naye. Amin.